Chuma cha Kwanza

Pikipiki ilikuwa bado na nailoni kwenye kiti. Mwenyewe, kijana wa miaka ishirini na kitu, alikuwa ameisukuma kwa mkono kutoka dukani hadi garaji moja ya Mususa, hapa Butembo, mashariki mwa Kongo, kana kwamba hakutaka kuiwasha kabla fundi hajaiona. Fundi hakuuliza bei wala hakuitazama rangi. Alichuchumaa, akaipima fremu kwa viganja, kisha akauliza: "Utabeba nini, na wapi?"

"Mawese, mzee. Manguredjipa."

Yakaisha. Fundi alimwita mwanafunzi wake awashe jenereta, na kabla ya saa saba mchana pikipiki iliyotoka kiwandani kubeba watu wawili ilikuwa imekatwa, imechomelewa, imekuwa chombo kingine.

Siku zilezile nilikuwa nikisoma jinsi Porsche wanavyoichukua 911 yao, gari la spoti ambalo mwenye fedha wa Ulaya au Dubai hulinunua na kwenda nalo ofisini, na kulifanya gari la mbio la daraja la GT3. Kadiri nilivyosoma ndivyo garaji ya Mususa ilivyonijia. Kazi hizi mbili ni ndugu. Kote kuwili fundi huchukua chombo kilichotengenezwa kumfaa kila mtu, hukivua nguo, hukiuliza swali moja, halafu hukijenga upya kuwa jibu. Tofauti iko katika mpangilio wa jibu hilo. Nimekuja kuamini kwamba ukitaka kujua mafundi wa mahali fulani wanathamini nini, usianze na injini. Tazama chuma kipi kinachomelewa kwanza.

Jina GT ni la Kiitaliano: gran turismo, safari kubwa. Lilikuwa jina la gari la mtu aondokaye mjini asubuhi na kula chakula cha jioni ng'ambo ya milima, mizigo yake nyuma, mwili wake haujachoka. Mbio za magari hayo zilisimama juu ya ahadi kwamba gari linaloshindana ni ndugu wa damu wa lile linalouzwa dukani, na ahadi ikawekewa karatasi. Karatasi hiyo ni homologesheni: kiwanda kinathibitisha mbele ya wakuu wa mchezo kwamba gari lipo, liko hivi na hivi, na limetengenezwa kwa idadi inayotakiwa. Mwaka 1962 Ferrari walileta 250 GTO, na ile O ya mwisho ni neno lenyewe, omologato. Kanuni zilitaka magari 100. Ferrari walitengeneza 36 ya injini ya lita tatu, wakashikilia kwamba hiyo ilikuwa sura mpya ya gari la zamani lililokwisha kuandikishwa. Karatasi ikakubali. Kwa hiyo tangu mapema chuma na karatasi vimekuwa vikivutana katika mchezo huu, na si kila mara karatasi ilisema kweli yote.

Daraja la GT3 lilianza kushindana mwaka 2006 chini ya SRO, kampuni ya Mfaransa Stéphane Ratel, na liliukata mzozo huo kwa njia yake. Kiwanda huuza gari likiwa tayari kwa mbio kwa timu za watu binafsi, na wakuu wa mchezo huyasawazisha magari yote: kilo zinaongezwa hapa, pumzi ya injini inabanwa pale, mpaka Porsche, Ferrari, Mercedes na BMW, zenye injini zisizofanana hata kidogo, zikimbie karibu sawa.

Lakini tuingie ndani ya kazi yenyewe. Bodi ya kuanzia ni ya 911 ya kawaida, tupu, haina zulia, haina viti, haina zile tabaka za kuzuia kelele zinazomfanya tajiri aongee kwenye simu kwa sauti ya chini. Ndani ya utupu huo kinachomelewa kizimba cha mabomba ya chuma: nguzo zinazofuata kioo cha mbele, upinde nyuma ya kichwa cha dereva, misalaba kwenye nafasi za milango. Baada ya hapo ndipo mengine yanafuata. Milango na boneti ni za nyuzi za kaboni. Vioo vya pembeni vinakuwa plastiki ngumu. Injini ya toleo la mwaka 2023 ina mitungi sita na lita 4.2, hutoa hadi nguvu za farasi 565, na wahandisi waliiinamisha mbele kwa nyuzi 5.5 ili chini ya mkia ipatikane nafasi ya hewa kupita kwa kasi na kulinyonya gari liibane barabara.

Nyuzi tano na nusu. Nimekaa na namba hiyo muda mrefu kuliko namba nyingine yoyote ya gari hili. Seremala akikuta mlango umeinama kiasi hicho huuweka sawa bila kumwambia mwenye nyumba. Hawa waliinamisha injini nzima, wakapanga upya vyote vinavyofungwa juu yake, kwa ajili ya upepo usioonekana. Gari likimalizika lina kama kilo 1,250, na bei yake ilipotangazwa ilikuwa euro 567,000 kabla ya kodi.

Hesabu ya kilo katika kazi hii ni kali kama hesabu ya mwenye duka. Rangi inapimwa. Parafujo zinapimwa. Lakini kizimba hakuna anayekigusa. Katika ufundi wote huu wa kupunguza, huo ndio uzito ambao kila mtu amekubali kuubeba bila kunung'unika, kwa kuwa ndani yake kuna mtu. Hilo naliheshimu kuliko ile injini.

Afrika Mashariki nayo ina jadi yake ya kugeuza magari, na jina lake ni lilelile likisemwa kwa Kiswahili: Safari. Mbio zilianza mwaka 1953, wakati wa kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, zikizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Baadaye zikazoeleka kuwa mbio za Pasaka, majira ya masika. Hapakuwa na kiwanja. Barabara ilikuwa ileile ya basi, ng'ombe na lori la kahawa. Joginder Singh, aliyekuwa fundi kabla ya kuwa dereva, alishinda mwaka 1965 pamoja na ndugu yake Jaswant kwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumika na wengine. Halafu likaja gari la spoti hasa, Datsun 240Z, la pua ndefu na milango miwili, lililozinduliwa mwaka 1969 na kupendwa sana Marekani. Mtu angesema limepotea njia. Lilishinda Safari mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann, likashinda tena mwaka 1973 likiwa na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, ambako mwaka mmoja tu kabla ya hapo Idi Amin alikuwa amewafukuza Waasia. Mehta angeshinda mara tano kwa jumla. Sisi wa Butembo, Beni na Kasindi, ambao jirani yetu wa karibu zaidi ni Uganda, tulipaswa kulijua jina hilo zaidi.

Magari ya Safari yalikuwa na chuma chake cha kwanza: bamba nene tumboni, chini ya injini na gia, la kupokea mawe. Kisha springi ndefu, tangi kubwa, tairi za akiba, fremu ya mbele ya kumpokea mnyama. Porsche walipokuja Kenya mwaka 1978 na 911 SC waliipandisha mpaka ikawa na sentimita 28 kutoka ardhini. Hebu tuiweke pamoja na ile ya GT3. Kampuni ni moja, gari ni lilelile 911. Huku linashushwa mpaka tumbo linakaribia kulamba lami, kule linanyanyuliwa kama mwanamke anayeinua kanga avuke mto. Vic Preston mdogo alimaliza wa pili, Björn Waldegård wa nne, na mshindi akawa Jean-Pierre Nicolas kwa Peugeot 504. Waldegård hakusahau. Mwaka 2011, akiwa mzee wa miaka 68, alirudi Kenya katika Safari ya magari ya kale na kushinda kwa Porsche 911.

Kuna kitu kimoja kidogo kwenye magari yale ninachokipenda kuliko vyote: vishikio vya nyuma. Gari likikwama, msaidizi wa dereva alishuka, akapanda juu ya bampa, akashika kishikio na kurukaruka ili uzito wake uzisaidie tairi kushika. Kila kijana aliyewahi kupanda kamio, yaani lori, kutoka Butembo kwenda Kanyabayonga wakati wa mvua anaujua mchezo huo, ingawa hakuna aliyemvisha kofia ya mbio.

Bamba la tumboni ni kwa ajili ya chombo. Maana yake ni kwamba chombo kikifika, mtu naye amefika. Ni fikra ya nchi yenye umbali mrefu na karakana chache, na sioni aibu ndani yake.

Butembo iko juu, karibu mita 1,800, na mstari wa ikweta unapita kusini kidogo tu mwa mji. Beni iko chini yetu, kilomita 54 kaskazini, penye joto na michikichi ya mawese, na kutoka Beni barabara inateremka kuvuka mto Semliki hadi mpakani Kasindi. Magharibi ni msitu na njia ya Manguredjipa. Udongo ni mwekundu na ukinyeshewa huwa sabuni. Mji huu ulijengwa zaidi na wafanyabiashara wake kuliko na serikali, na wafanyabiashara hao tangu zamani wamejua kwamba bidhaa ni rahisi kuipata. Kazi ni kuivusha.

Kabla ya pikipiki kuenea kulikuwa na chukudu, na ipo hadi leo katika Kivu Kaskazini: magurudumu mawili ya mbao yaliyovishwa mpira wa tairi kuukuu, ubao mrefu wa mti mgumu au mkaratusi, usukani kama pembe za ng'ombe. Ilijitokeza miaka ya 1970 na Goma wameijengea sanamu katikati ya mji. Chukudu haikuzaliwa kutokana na chombo cha dukani, kwa hiyo katika ulinganisho huu inakaa pembeni kidogo. Lakini mantiki yake imerithiwa. Ubao ni wa mzigo, na mtu amebakiziwa mahali pa goti moja, analolikunja akiteremka mlima.

Ndivyo ilivyogeuzwa pia pikipiki ya yule kijana. Chuma cha kwanza kilikuwa keria: nondo na bomba za mraba, pana kuliko mabega yake, ya kufungia bidoni za lita 20. Bidoni sita za mawese zina kilo 110 na ushee, karibu uzito wa pikipiki yenyewe. Kisha springi za nyuma zikaongezwa nyingine. Wakenya husema shokabzoba. Sisi, watoto wa Kifaransa, tunasema amotisa. Chuma ni kilekile. Mkono wa nyuma unaoshika gurudumu ukavikwa mabamba pande zote mbili. Madigadi ya mbele ikainuliwa ili matope yasiibane tairi. Pinyo ya nyuma, lile gurudumu lenye meno linalovutwa na mnyororo, ikabadilishwa kwa nyingine kubwa zaidi: kasi inapungua, mlima unapandika.

Nilichokuja kukielewa baadaye kilitokea wakati wa kuning'iniza bidoni za majaribio. Mwanafunzi alizifunga nyuma, juu, mahali panapofikika kirahisi. Fundi akazifungua zote. Akakata vishikio viwili na kuvichomelea upya, chini na mbele zaidi, mpaka bidoni za pembeni zikakaa mbele ya ekseli ya nyuma. "Ukiziweka kule," alimwambia, "mlimani mkono wa mbele utakuwa mwepesi, na atalala chali." Hakutaja kitovu cha uzito. Alikuwa akikisogeza kwa mikono yake, sentimita kumi na tano hivi, kwa macho. Hizo ndizo nyuzi 5.5 za Mususa. Sizioni kuwa ndogo kuliko zile za Wajerumani. Zimetokana na hofu ileile ya kitu kisichoonekana mpaka kimekuangusha.

Mtu asinielewe kwamba vitu hivi vinalingana katika yote. Gari la GT3 likibadilishwa kipande, kipande hicho kiko kwenye fomu: picha yake, uzito wake, vipimo vyake. Bomba la kizimba likikunjika vibaya katika ajali, wahandisi wa nchi nyingine wanajua ni bomba lipi. Hapa kwetu, chomeo likipasuka njiani kuelekea Manguredjipa, anayejifunza ni fundi mmoja, yule atakayeletewa. Wa ng'ambo ya barabara ataendelea kuchomelea palepale panapopasuka. Hiyo ndiyo dosari ninayoiona kubwa.

Najua jibu litakalokuja: mafundi wa majahazi wa Lamu, wale wa Matondoni, hujenga bila michoro, na majahazi yao yamevuka bahari vizazi na vizazi. Ni kweli, na ni jibu zuri. Lakini fundi wa jahazi hukaa miaka chini ya mkubwa wake kabla ya kuachiwa ubao wa pembeni, na wakubwa hupita wakitazama. Ujuzi usioandikwa unalindwa na muda. Garaji za pikipiki za Butembo na Beni zimeongezeka haraka kuliko walimu wake. Kijana anashika mashine ya kuchomelea leo, na baada ya Krismasi mbili ana bati lake na wateja wake. Muda uliowalinda watu wa Lamu yeye hakupewa.

Na kuhusu chuma cha kwanza kuwa cha mzigo, sitamlaumu mtu. Mzigo ni ada ya shule, ni dawa ya mama, ni deni la pikipiki yenyewe. Timu ya mbio ikiharibikiwa saa tisa usiku, inasukuma gari lake gizani hadi kambini, na kesho kuna mbio nyingine. Motari, yaani dereva wa pikipiki, akiharibikiwa jioni kati ya Beni na Kasindi, au upande wa Eringeti, ambako wanaume wenye bunduki wameua watu njiani kwa miaka mingi, anaacha mzigo, na wakati mwingine hata pikipiki, akimbilie kijiji kilicho karibu. Hapo chombo kufika na mtu kufika ni jambo moja kweli. Keria imara, inayorudi nyumbani haijavunjika, ni ulinzi wa mtu pia.

Ila jibu hilo lilikuwa la barabara ya matope, na barabara inabadilika. Juni 2021 marais Tshisekedi wa Kongo na Museveni wa Uganda walizindua mpakani, Mpondwe na Kasindi, mradi wa lami: kilomita 80 kutoka Kasindi hadi Beni, na zile 54 za Beni hadi Butembo, pamoja na njia ya Bunagana hadi Goma. Nimeisubiri lami maisha yangu yote na ninaitaka. Lakini kwenye matope motari huanguka kwa mwendo wa mtu anayekimbia. Huinuka, hujifuta, huhesabu bidoni. Kwenye lami ataanguka kwa mwendo wa basi, akiwa na kilo 110 nyuma yake zinazomfuata.

Fundi aliniambia kwamba tayari motari wanakuja kwake. Wanataka pinyo ndogo irudishwe ili pikipiki ikimbie, na keria ibaki ileile pana, yenye vishikio vyake. Wanaivua nusu ya jibu. Chombo kilichojengwa kwa ajili ya kupanda utelezi polepole kinapewa kasi bila kupewa kitu kingine chochote. Hakuna mhandisi wa mbio duniani, wa Ujerumani wala wa Nairobi, ambaye angekubali kubadilisha barabara bila kurudi kwenye bodi tupu na kuuliza upya kila kitu, kuanzia mtu.

Miezi mingi baada ya siku ya kwanza nilimkuta yule kijana tena palepale. Nailoni ya kiti ilikuwa imeisha zamani, keria ilikuwa na kutu ya heshima, na yeye alikuwa na kovu refu kwenye mundi wa kulia. Alikuwa ameacha Manguredjipa. Sasa anabeba bidhaa za Kasindi.

"Nirudishie pinyo ya kiwandani, mzee."

"Nitakurudishia, mwanangu. Panda kwanza."

Akapanda, pikipiki ikiwa imesimama kwenye stendi yake. Fundi akachuchumaa kama siku ile, lakini safari hii hakuigusa fremu. Alitandaza kiganja kwenye goti la kijana, kisha kwenye mundi, juu ya lile kovu, kisha akapima kutoka gotini hadi kwenye kikanyagio, akihesabu kwa midomo. Akachukua bomba lililosalia kwenye kazi nyingine, akalishikilia mbele ya mguu kama upinde, akaliondoa, akalikunja zaidi, akalirudisha. Mwanafunzi alikuwa amesimama na nyaya mkononi akingoja kuambiwa achomelee wapi.

"Subiri," fundi akasema. Akanigeukia. "Mwalimu, una kalamu?"

Nilimpa kalamu na daftari. Akachora mguu vibaya sana, akachora bomba vizuri sana, na pembeni ya goti akaandika 52.